Gogo

Kibaigwa, mwezi wa sita. Soko limefurika alizeti,
vumbi la mahindi linaingia hadi kwenye chai.
Kazi yangu mizani: naita kilo, karani anaandika.
Mimi Mrangi wa Kondoa, wapakizi huniita Rangi,
na hawachoki kuniuliza: ya maji au ya mafuta?

Lori la Malawi lilikatika shafti palepale mbele yetu.
Akashuka dereva, Limbani, shati limelowa grisi,
akaenda moja kwa moja kwa Mama Nyemo muuza uji,
akapiga goti, mwanamume mzima, kwenye pumba,
akasema polepole: "Gogo, naomba maji."

Wapakizi wakasimama na magunia mabegani.
Huku kwetu neno hilo halirushwi hivyo.
Mgogo unaanza na M.
Ukiidondosha, umebakiza mti ulioanguka.
Ntandu, Mnyaturu asiyeacha utani hata msibani,
akapasuka: "Mama, leo umekuwa kuni!"

Mama Nyemo hakucheka. Akaweka upawa chini.
Ile alama ya duara kipajini mwake ikajikunja.
"Kabila langu kakwambia nani?
Au umeniona nimelala?"

Limbani akatazama huku na huku
kama aliyekanyaga kitu gizani.
Kiswahili chake cha barabarani, cha Kasumulu na Uyole,
kina bei ya dizeli, hakina pa kuombea radhi.
"Gogo," akarudia, maskini, akazidi kujichimbia.
"Mama ya mama. Yule kanilea.
Alikufa Kasungu, mimi niko Chalinze na mbolea.
Nafika, kaburi lina majani."

Uji ukachemka, ukamwagikia jiko.

Mama Nyemo alikuwa amekalia gogo la mgunga
lililolainika kwa miaka ya kukaliwa.
Akasogea, akapapasa nafasi iliyobaki.
"Kaa basi. Lakini uji unalipa."

Siku tatu alisubiri shafti kutoka Morogoro.
Siku tatu Gogo hivi, Gogo vile,
Gogo chumvi, Gogo usiku mwema,
na masikio yetu hayakuzoea:
kila akiita, Ntandu aligeuka kutafuta mti.

Asubuhi ya safari Mama Nyemo akanipa simu yake.
"Wewe umesoma. Niwekee namba ya huyu."
Niandike nani?
Akajifanya anahesabu vikombe. "Mjukuu."
Limbani alikwishamwandika wa kwake. Nilichungulia:
Gogo Kibaigwa.

Nikamuwaza askari wa mpakani akiishika simu ile,
analisoma jina, anatabasamu,
anadhani...
sijui atadhani nini.

Lori likanguruma, likaingia lami.
Gunia lilikuwa bado linaning'inia kwenye ndoano.
"Ngapi?" akauliza karani.
Nilikuwa nimesoma, nikasahau.