Somo la Nyakati

Mama alijifunza Kiswahili mgodini Kilembe, si darasani:
binti wa miaka kumi na miwili, akiuza uji langoni
kwa wanaume waliotoka chini ya mlima na kope za vumbi.
Ndiyo maana akiomba huchanganya,
Kikonzo cha kulilia, Kiswahili cha kudai.

Mwezi wa tano Nyamwamba uliingia bila hodi.
Ulivingirisha majabali gizani
kama watu wanaopanga viti vya arusi,
ukachukua jiko, mbuzi wawili, ukuta wa nyuma,
na Masereka, aliyerudi ndani kufuata redio.

Mwaka ule Mama aliomba kwa -ngali-.
Ungalitazama upande huu, Baba.
Ungaliweka hata kidole.
Nami, mwalimu wa sarufi, nilikaa kando yake hemani
nikijua kiambishi hicho ni mlango uliopigwa misumari.
Sikumsahihisha.

Kisha goti lake likavimba. Kisha foleni,
dawa zimekwisha, rudi Alhamisi.
Sikuona imani ikikua; nani huona muhogo ukinenepa?
Nilimwona akiokota mawe yaleyale yaliyotubomoa
akiyapandisha mlimani, moja moja, kwa kitenge,
awe na msingi.
“Mto umetuletea,” alisema, “na haukudai nauli.”

Jioni moja, akipembua maharage,
nikasikia kiambishi kimegeuka. *Utafanya.*
Alisema bila kuinua macho,
kama anayemkumbusha jirani sufuria aliyoazima.

Pasaka hii, chini ya mabati yaliyotoboka,
mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda
Mama alisimama kwa goti lake zima:
“Mwanangu Masereka amefufuka.”
Mtu alikohoa. Kaburi hatuna;
maji yalimpeleka mpaka Ziwa George, wanadhani.

Nje nilimvuta kando. Mama, sema *atafufuka*.
Ni wakati ujao.
Alinitazama kama mtoto anayepuliza moto kwa pua.
“Wewe unafundisha maneno, Kyakimwa.
Waombolezaji wote waliaga siku ya nne,
hata mjomba wako, hata wale wa blanketi na kamera.
Huyu nimekaa naye matanga miaka saba. Hajaaga.
Mtu wa namna hiyo akisema naja,
amefika.”

Jumatatu niliandika ubaoni: -ngali-, -ta-, -me-.
Mvua ilikuwa imeshika vilele, mto unaanza kunguruma,
na watoto, wote watoto wa mto huo, waliacha kalamu wakasikiliza.
Ithungu wa dawati la mbele akauliza, labda ili asisikie:
“Mwalimu, -me- hutumika lini?”
Jambo likiwa limetimia, nikasema.
Chaki ilinivunjikia mkononi.
Mimi mwenyewe bado niko kwenye -ta-,
siku nyingine narudi kwenye -ngali- nikigongagonga misumari.
Lakini nikaongeza, na kitabuni hakumo:
au aliyeahidi
akiwa anafahamika.