Ruhusa ya Kupita

Saa tisa usiku, Kutaisi. Mvua ya Machi
inapiga bati la kituo chetu cha kupima mto,
na skrini inanijibu kwa maneno mawili:
Ruhusa imekataliwa.

Skripti yenyewe ni fupi, mistari arobaini na mmoja.
Kila robo saa huamka, hukiuliza kipimo cha darajani
Rioni umepanda kiasi gani,
kisha huwapelekea namba walinzi wa mabondeni.
Tangu saa tano haijaamka.
Namba ya mwisho, mita mbili na nukta tatu,
imechacha kama mkate wa juzi.

Nilianza pale kila mtu anapoanzia:
nikaitazama faili. Kusoma, ipo. Kuandika, ipo.
Kutenda, ipo: kwa mwenyewe, kwa kundi, kwa mpita njia.
Nikaipa tena ruhusa iliyokuwa nayo,
kama abonyezaye kitufe cha lifti
kinachowaka tayari.
Ruhusa imekataliwa.

Nikampigia Bachuki. Sauti yake ilitoka ndani ya mto,
ule wa kulalia, si huu wangu:
"Lamara, iendeshe kwa mamlaka yote, ukapumzike."
Nikaiendesha kama mkuu wa mashine. Ikaenda.
Ndipo nikaogopa,
maana ufunguo unaofungua kila mlango
haukuambii ni upi uliofungwa.

Nikarudi mstari wa kwanza,
ule wenye alama ya reli na alama ya mshangao,
ambao macho huuruka
kama anwani ya bahasha iliyokwisha kuchanwa.
Hapo skripti humtaja mkalimani wake.
Mimi lugha ya mashine siijui, husema,
mwiteni fulani, anakaa mahali fulani.
Na fulani anakaa
nyumbani kwa Ushangi.

Ushangi tulimzika Alhamisi.
Miaka kumi na miwili nyuma, mkalimani wa kituo
alipozeeka na kuanza kukosea tarehe,
yeye alijenga mpya, ndani ya folda zake mwenyewe.
"Kwa muda tu," alisema,
akafuta miwani kwa ncha ya tai.
Leo saa tano usiku, kama utaratibu unavyotaka,
amri ya ofisi kuu ilipita kimya
ikifunga nyumba za wasio kazini tena.

Kumbe barua ina muhuri,
mkalimani ni mzima, amekaa kitini, anasubiri kuitwa.
Kilichokataa ni kizingiti.

Ningeweza kufungua yote.
Lakini mle ndani mna mambo ya mtu:
hesabu za mizabibu, labda, picha za wajukuu,
barua ambazo Nunu, mkewe, hajaziuliza bado.
Nikakumbuka alivyonifundisha herufi moja
yenye maana mbili:
juu ya faili husema, tenda;
juu ya folda husema, pita.
Kupita si kuchungulia.
Anayeijua njia atafika,
asiyeijua hataona hata jina la chombo.

Nikatoa hiyo moja, basi.
Kisha nikajivika jina la mtumiaji wa saa,
yule mnyonge asiye na nywila wala makao,
kwa sababu mlango hujaribiwa na aliyezuiwa,
si na mwenye funguo.

Ikaenda.
Mita tatu na nukta moja.

Nikawaamsha wa mabondeni, mmoja mmoja, kwa simu.
Mwanamke mmoja alinitukana, kisha akaniambia nisubiri,
nikamsikia akiwafungulia ng'ombe.

Kulipokucha nikafungua daftari la zamu.
Mkalimani ahamishwe mahali pa wote, niliandika,
mstari wa kwanza ubadilishwe.
Nyumba ya Ushangi imeachwa na ruhusa ya kupita,
kwa muda tu.
Nikayatazama maneno hayo matatu, wino haujakauka.
Nikaongeza tarehe.