Kadi Haijawekwa

Jumamosi, saa nne asubuhi, Tabata Kisukuru.
Nimevua saa, nimevua pete,
nimekilaza kiti cha dereva mpaka kikakubali.
Fundi wa Gerezani alitaka elfu themanini.
Nilimwambia nitarudi,
kwa ile sauti ambayo mafundi wote wa Dar
wanajua maana yake ni kwaheri.

Redio iliyokuja na hii Vitz haiujui mji huu.
Masafa yake yanaishia tisini,
na juu ya tisini ndiko tunakoishi sisi:
mpira, mawaidha, bei ya saruji, umbea wa saa kumi.
Miaka sita nimewasikiliza watani wa jadi
kwa kushusha kioo kwenye foleni ya Tazara
na kuomba goli gari la jirani.

Ila kila nikiwasha, mama mmoja wa Kijapani
huniambia jambo, kwa adabu, mara moja, basi.
Sikudhani, binti yangu, aliniuliza anasema nini.
Nikamwambia: anasema funga mkanda.
Akafunga. Akazoea.
Nami nikazoea kumjibu "Marahaba,"
hata siku ambazo nyumbani hatusalimiani.

Cha mvunguni sharti uiname.
Waliosema hivyo walikuwa wanatafuta kiatu.
Hawakuinama chini ya dashibodi
na bisibisi mdomoni,
jasho likiingia sikioni,
na mtoto aliyepewa tochi anamulika kuku.

Nyekundu ya swichi. Njano ya betri, hiyo hailali.
Nyeusi ya bodi.
Ndivyo alivyoniapia Kimario, dukani kwake Kariakoo,
huku ananihesabia chenji.
Nyuma ya redio nikakuta kumi na nane,
na mbili zina rangi ya chai ya maziwa.
Nikakisia.

Cheche moja, ndogo, ya buluu.
Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.
Honi ikalia yenyewe, ndefu,
Bwana Ndomba akatoka na taulo, povu shavu moja.
"Nani kafa?"
"Fyuzi."
"Pole," akasema, akarudi kunyoa.

Fyuzi mpya elfu moja, bodaboda ya kuifuata elfu tatu.
Ya pili hivyo hivyo.
Ya tatu usinihesabie, mke wangu alishahesabu,
kwa sauti, huku anaanika nguo.

Alasiri Ndomba akaja, kidevu kinang'aa.
Aliwahi kushusha magari bandarini.
Akaitazama redio ya zamani, nimeilaza juu ya kanga
kama mgonjwa.
"Huyu? Yalikuwa yanashuka mia kwa siku, yote yanasema hivyo.
Anasema kadi haijawekwa."
"Kadi gani?"
"Ya kulipia barabara. Za huko kwao."

Miaka sita mtu anadai kadi,
mimi naitika marahaba.

Baba alikuwa mtu wa kadi.
Kadi za salamu, alinunua bunda zima,
akaandika kwa wino mwekundu: ziwafikie watu kumi,
na kumi wenyewe aliwapanga kwa ugomvi,
aliyemnunia wiki hiyo anashuka mkiani.
Jumapili hakuna kukohoa mpaka atajwe.
Walimtaja vibaya, jina la babu wakalivunja katikati.
Alifurahi tu.
Gari hili hakuliwahi.

Saa kumi na moja redio mpya ikawaka,
taa za zambarau, utadhani saluni.
Spika ya kushoto inaimba, ya kulia inakoroma.
Nikipiga indiketa, inapiga chafya.
Pengo la pembeni nimeliziba kwa boksi la kandambili,
ukikaa nyuma hulioni.
Nilizunguka mtaa mara tatu, vioo chini,
bei ya saruji ikasikika mpaka kwa mangi.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, shule.
Nikawasha.
Mtangazaji akapayuka, nikampunguza.
Nikafika getini, nikageuka:
Sikudhani amekaa, mkanda unaning'inia.

"Funga."

"Bado hajasema."