Ipo, Haipo

Lugha yangu imezitia mfuko mmoja:
risasi ya bunduki, risasi ya bonde.
Moja hulia kabla ya kuua.
Nyingine haina haraka.

Huku Wales wanaiita plwm,
midomo ifumbwe mwanzo, ifumbwe mwisho.
Mgodi wa Cwm Hesgen ulifungwa
babu yake Nest hajaota ndevu,
ila mlima ungali unatema:
maji ya kutu, rangi ya chai iliyolala,
yanaingia mtoni bila kubisha hodi.

Nest Cadwgan ana kondoo arubaini na mmoja,
na mmoja anachechemea.
Akauliza kama mtu mwenye mifugo:
"Ipo, haipo?"

Ipo, akasema Heledd. Haijapata kuondoka.
Jambo ni imevaa nini.
Ikishikana na kaboneti, hulala topeni
kama deni ambalo mdai amekufa.
Mboji ikiikumbatia, husafiri kwa mbeleko,
haimgusi mtu njiani.
Lakini ikiwa uchi, peke yake, na chaji zake mbili,
hupenya utando wa shavu la samaki,
hujiita kalisi,
na mfupa, kwa ukarimu wake, huifungulia.

Usiku aliipa kompyuta kila ilichoomba:
joto, kalisi, salfeti,
mboji iliyoyeyuka,
pH sita nukta tisa.
Ikagawa risasi kama mirathi,
huyu thumni, yule robo,
na iliyo uchi: asilimia ishirini na tatu.
Heledd akashusha pumzi.
Akaandika, *hatari ndogo*.
Akazima taa.

Saa tisa usiku akaikumbuka chupa.
Siku tatu kwenye buti la gari,
kizibo kimelegea.
Na maji ya mgodi hutoka na gesi tumboni, kama soda;
ukiyaacha yacheue,
ukali wake huondoka nayo.
Alichopima hakikuwa mto.
Kilikuwa buti la gari.

Alfajiri alipiga magoti kwenye changarawe,
kipimo majini, vidole havimsikii.
Tano nukta nne.
Akangoja. Akahesabu hadi mia.
Tano nukta nne.

Kompyuta ikagawa upya:
sitini na moja.
Hakuna chembe iliyoongezeka.
Risasi ile ile, uzito ule ule.
Imevua nguo tu.

Nest alimsikiliza ameinama,
kwato ya yule kondoo gotini,
kisu kidogo kinachokora, kinachokora,
mpaka kikatoka kitu cheusi kama punje ya pilipili.
"Mwiba," akasema. "Huyu alikuwa na mwiba."

Heledd hakujua acheke au aombe radhi.

Nest alifuta kisu kwenye suruali,
akashuka kwenye malisho ya chini,
yale yanayonywa na mto mvua ikizidi,
akafunga lango kwa waya.
Akauzungusha mara tatu.
Akarudi akauzungusha ya nne.