Kopo la Saba

Kopo linanuka siki. Wendell Prusak
anaziba pua, anaifuta filamu kwa pamba
chini ya duka la matairi, Youngstown.

Wanawake gerezani, pikipiki,
damu ya sharubati
iliyopauka ikawa waridi.
Chema chajiuza; hiki kilijitembeza
hadi sinema za magari zikafungwa.

Saa nane usiku anaipandisha mtandaoni.
Kufikia alfajiri mtu wa Turku
ameshahesabu: bastola ya risasi sita,
milio tisa! Anacheka peke yake.
Mwingine anauliza: yule anayekufa mwanzo,
asiyetajwa, ni nani?

Siku ya nne jibu linakuja, bila picha:
Ni mimi, Ardith. Hawakunilipa.
Viatu vilikuwa vyangu.

Wendell anairudisha nyuma, atazame viatu.
Vyekundu, nadhani.
Anamwandikia: vilikuwa vyekundu?