Mwaka wa Joho la Kijani

Kijana wa chuo amekuja na maswali,
akaketi kwenye kochi langu hapa Buruburu, magoti pamoja,
akaweka simu mezani inirekodi.
"Mama Khaemba, mwaka wa themanini na moja
joho la Mkimbia-Nyaya liligeuka kijani.
Mlikuwa mnasema nini?"

Nikamwongezea chai.
Angeuliza habari za mshahara ningemjibu upesi.

Tulikuwa wanne na dirisha moja, Barabara ya Lusaka:
Okumbe wa kuchora, aliyelamba brashi mpaka ulimi ukapata rangi,
Bwana Kantilal mwenye mtambo,
Kilonzi wa hadithi, mdomo mwingi,
na mimi wa rangi, na wa maneno ndani ya viputo.
"Puu!" zote za mwaka ule ni mwandiko wangu.
"Kacha!" pia. Na ile "Aaaa" ndefu ya jambazi
anayedondoka kutoka paa la Marikiti.

Mchana shujaa wetu alikuwa fundi wa simu, kofia na ngazi.
Usiku alikimbia juu ya nyaya, Kariokor hadi Dagoretti,
joho jekundu nyuma yake,
akisikia kwa nyayo kila siri inayopita kwenye waya.
Mtu wa suti ya kijivu alikuja siku moja kuuliza
kama ni nyaya au ni nyayo.
Kantilal alimwonyesha kamusi. Akaondoka nayo.

Mwezi wa nne wino mwekundu ukakwama bandarini.
Karatasi za forodha, sijui sahihi ya nani.
Nyekundu haikupatikana hata kwa mkopo,
ila tulikuwa na madebe sita ya kijani
yaliyobaki kwenye kazi ya pakiti za unga.
Kantilal akasema: mvisheni unga.
Kilonzi akabamiza mlango, akaenda zake.
Akarudi saa nane, njaa ikimuuma.

Basi, hiyo ndiyo siri yote, nikamwambia kijana.
Simu yake ikaendelea kunisikiliza.

Lakini barua hazikujua mambo ya forodha.
Syokau wa Kaloleni: "Nimeelewa. Alilala kwenye nyasi akijificha."
Mwingine, Ofafa Jericho: "Ni matanga.
Rafiki yake alikufa toleo la tatu.
Nyinyi mmesahau, yeye hajasahau."
Kweli tulikuwa tumesahau.
Na moja ya penseli, kutoka wadi ya watoto:
"Daktari wa kupasua huvaa hivyo.
Mwambieni mimi napasuliwa Jumanne."

Hiyo Okumbe aliisoma amesimama,
akaitia mfukoni, hatukuiona tena.
Toleo la saba lina kisanduku kidogo mwishoni:
Mkimbia-Nyaya nje ya dirisha la hospitali, usiku,
bila kiputo. Nilitaka kuandika kitu.
Akanishika mkono.

Jumatano haikuleta barua. Wala mwezi uliofuata.

Oktoba madebe mekundu yakafika, kumi na mawili, yakinuka upya.
Ndipo ugomvi. Kilonzi: nyekundu, ndiyo damu yake.
Okumbe: kijani, au mtafute mkono mwingine.
Tukabishana mpaka mtambo ukaanza kunguruma
na joho halijaamuliwa.
Toleo la Desemba likatoka joho jeupe,
jeupe la karatasi tupu, jeupe la kuchelewa.

"Alama ya amani?" akauliza kijana. "Au sanda?"

Nikaenda kabatini.
Nakala hii niliinunua juzi kando ya Tom Mboya,
chini ya rundo la vitabu vya hesabu,
shilingi hamsini, baada ya kuvutana.
Aliyekuwa nayo, simjui,
alilijaza joho kwa kalamu ya buluu,
ukurasa baada ya ukurasa, akitoka nje ya mistari,
akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.
Ukurasa wa tisa wino ukamwishia.
Tazama hapa, nikamwambia, sogea kwenye mwanga:
kuanzia hapa ni makaa.