Kifuniko

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya kumi, kimya na jasho.
Ya ishirini, buti limeachama kisiginoni,
na Planeta imesimama palepale, bluu,
kama shemeji aliyenuna.

Farasi majike kumi na wanne hawajarudi tangu juzi.
Mama yumo ndani ya hema la sufi,
anakoroga chai ya maziwa na chumvi.
Haulizi kitu. Anakoroga tu, kwa sauti.

Simu hushika mtandao mahali pamoja:
kilimani, kwenye rundo la mawe ya nadhiri
lililofungwa vitambaa vya bluu.
Hatua mia sita na arobaini.
Nilizihesabu mwaka ule kaka alipokwenda Korea.

"Purevjal, haiwaki."
Nyuma yake kiwanda kinatafuna chuma.
"Fungua plagi. Niambie ina rangi gani,
na kama imelowa."

Nashuka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nimeinama chini ya tangi, shavu kwenye mapezi ya silinda,
baridi inaniuma kama mtoto wa mbwa anayeota meno.
Plagi inatoka, kahawia, kavu.
Naigusisha kwenye chuma, napiga kiki:
cheche. Ndogo, bluu, ya kweli.

Napanda.
"Kavu. Lakini cheche ipo."
"Basi petroli haifiki. Tangi lina kitu?"
"Limejaa hadi shingoni. Nimekopa kwa Tserennadmid."
"Chomoa mpira wa kabureta."

Nashuka.
Tone, tone, tone.
La nne likaning'inia,
likafikiri,
likabaki hapohapo.

Napanda. Sasa natweta, kaka ananisikia.
"Ni uchafu," anasema. "Puliza mpira."

Nashuka. Napuliza.
Mapovu yakapanda ndani ya tangi,
na nilipotoa mdomo petroli ikaja mbio,
ikanilowesha hadi kiwiko,
kisha ikakatika, kama mtu aliyekumbuka deni.
Napuliza tena: inakuja.
Naacha: inakoma.
Tangi linakunywa pumzi yangu
na kunilipa kwa kipimo.

Napanda polepole. Ulimi wangu unanuka kituo cha mafuta.
Namweleza.
Kaka anyamaza. Nadhani mtandao umepotea,
nazunguka rundo la mawe nikiinua simu juu.

"Kifuniko," anasema.
"Kitundu cha juu ya kifuniko."
"Kina nini?"
"Nilikiziba. Sufi na mafuta ya kondoo.
Vumbi la masika lisingeingia.
Nilijua nitakuwa nimerudi
kabla ya mtu kutaka kuiwasha."

Miaka mitatu.
Sikusema hivyo. Nilisema, "Haya."

Mama alikuwa ametoka nje.
Hakuniuliza; alichomoa sindano kwenye ukosi wake,
ile nene ya kushonea sufi, akanipa.
Kidonge kikatoka, cha kijivu, kigumu kama nta,
kikiwa na alama ya kidole gumba.
Mama akakiokota. Akakitia mfukoni.

Fyuu, likasema tangi,
likavuta hewa kwa muda mrefu, bila aibu.

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, kikohozi.
Ya tatu haikuwa na maana.
Ya nne Planeta ikarusha moshi mweupe,
mbuzi wakatawanyika, kikombe kikaanguka,
na mimi nikapiga kelele za neno ambalo mama hajui kwamba ninalijua.

Mara hii sikutembea.
Nikapanda kilima kwa gia ya kwanza, mawe yakiruka,
nikapiga simu, nikaishusha karibu na ekzosi.
Nikasubiri.
Huko kiwandani chuma kiliendelea kutafunwa.

"Rudisha choki," alisema hatimaye,
sauti yake si yake. "Unaichosha bure."

Salio likaisha.

Kutoka pale juu, kaskazini, ng'ambo ya mto uliokauka,
nikaona nukta zikisogea.
Nikazihesabu. Nikafuta macho, ni moshi tu,
nikazihesabu tena.
Kumi na tatu.